Linux Visiwani: Mfumo wa Bure Usio na Fundi

Kompyuta ni moja, mifumo ni miwili. Usiku mwenyewe amefanya kazi upande wa Linux, akazima, akalala. Asubuhi anaiwasha upande wa Windows, na saa ya pembeni mwa kioo inamwambia ni saa moja, wakati wanafunzi wako mapumziko na boti za alfajiri zilishashusha sangara zamani. Ukweli ni saa nne. Anairekebisha kwa mkono. Jioni akirudi Linux, saa imekimbia mbele kwa saa tatu zile zile. Analaumu betri ndogo ya ndani, anaagiza mpya Bukoba, inakuja na boti, inafungwa, na kesho yake saa imerudi nyuma tena.

Betri haina kosa. Ndani ya kila kompyuta kuna saa inayoendelea kutembea hata mashine ikizimwa. Windows huamini kwamba saa hiyo imeandikwa kwa majira ya pale kompyuta ilipo. Linux huamini kwamba imeandikwa kwa majira ya kimataifa, ambayo Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu kamili. Kila mfumo unamsahihisha mwenzake, na mwenye mashine yuko katikati. Aliyeko London anaweza kuishi na kompyuta ya namna hii msimu wote wa baridi asijue kama kuna ugomvi wowote, kwa sababu majira yake na yale ya kimataifa yanalingana. Wa Muleba anaujua siku ya kwanza.

Dawa yake ni mstari mmoja tu unaoandikwa upande wa Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`. Basi. Lakini ni nani wa kumwambia mtu huyo mstari huo, akiwa Bumbire, bando limekwisha, na fundi pekee anayemfahamu hajawahi kugusa Linux? Sehemu kubwa ya karaha za Linux mezani huishia kwenye swali hilo. Ugumu wa mfumo wenyewe umepungua sana kwa miaka hii. Kilichobaki ni upweke.

Bumbire ni kisiwa cha Ziwa Victoria katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, na watu wake wengi wanaishi kwa dagaa na sangara. Kompyuta za mezani na za mapajani visiwani si nyingi ukilinganisha na simu. Utazikuta mahali penye makaratasi, kama shuleni, kwenye zahanati na ofisi za kata. Simu ndizo zimejaa, na nyingi kati yake ni za Android, ambayo moyo wake ni Linux. Kwa hiyo mnunuzi wa dagaa anayepokea pesa kwa simu akiwa mwaloni anatumia Linux mchana kutwa, na hakuna siku imemsumbua kwa jina hilo. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, kwa orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zote zimekuwa zikiendeshwa na Linux tangu Novemba 2017. Mezani ndiko ilikokwama: makadirio ya mwaka 2024 yaliipa takriban asilimia 4 ya kompyuta za mezani na za mapajani duniani.

Ilianza kama kazi ya mwanafunzi. Agosti 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha. Kiini hicho kiliungana na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa mwaka 1983 na Mmarekani Richard Stallman, na hapo ukapatikana mfumo mzima ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili, kuufungua na kuubadili. Kisha kila kundi likafungasha mfumo huo kwa namna yake: Debian mwaka 1993, Ubuntu mwaka 2004, Linux Mint mwaka 2006, na mamia mengine ambayo humchanganya mgeni hata kabla hajaanza.

Kwa mtu wa Kagera, neno "bure" lilipaswa kuwa silaha kubwa ya Linux. Haikuwa hivyo, na sababu yake inajulikana na kila mtu ingawa haisemwi kwenye makongamano. Windows nayo huku ni ya bure. Mtu hupeleka kompyuta kwa fundi, fundi "anampigia Windows" kutoka kwenye flashi yake, anaweka na Office, anaiwasha kwa programu ya kughushi leseni, na analipwa ujira wa kazi yake tu. Leseni haimo kwenye hesabu. Kwa hiyo bure inashindana na bure, na ile yenye fundi kila mtaa ndiyo inayoshinda. Mvuvi hanunui injini ya boti ambayo hakuna mtu mwaloni anayejua kuifungua, hata apewe kwa nusu bei.

Fundi naye usimlaumu. Linux haimletei mteja kila baada ya miezi mitatu.

Maana kuna jambo moja ambalo watumiaji wa Linux wa Afrika Mashariki hulitaja kabla ya yote, nalo ni virusi vya flashi. Kila aliyewahi kuchapisha kazi kwenye duka la steshenari anaijua hali hii: flashi iliingia na mafaili, ikatoka na vijifaili vya njia ya mkato vyenye majina yale yale, ambavyo ukibofya vinaambukiza kompyuta nyingine. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa. Chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya Linux na utayaona yote yamekaa wazi, folda za kweli pembeni, zile za uongo pembeni, na hati ya kirusi katikati yao ikiwa haina la kufanya, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya Windows. Unaifuta kama faili lolote. Wapo watu walioweka Linux kwa kazi hii peke yake, ya kusafishia flashi, kisha wakajikuta wamehamia.

Sasa karaha.

Ya kwanza humpata mgeni dakika ya kwanza anapofungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Anaambiwa aandike nywila. Anaandika, na hakuna kinachoonekana: herufi hakuna, nyota hakuna, hata kidoti. Anabonyeza kwa nguvu zaidi. Anadhani kibodi imekufa. Kumbe nywila inaingia. Mfumo umeamua tu kutoionyesha, ili anayechungulia begani asijue hata urefu wake. Ni desturi ya tangu enzi za Unix. Linux Mint wamewaonea watu huruma wakaweka vinyota.

Ya pili inafuata akitaka herufi alizozizoea. Times New Roman na Arial ni mali ya kampuni, kwa hiyo hazimo. Zinapakuliwa na kifurushi cha pembeni ambacho, katikati ya kazi, hugeuza kidirisha kizima kuwa rangi nyingine na kumwaga masharti ya leseni kurasa kadhaa. Chini kuna neno la kukubali, lakini puku haibofyi. Kitufe cha Enter nacho hakifanyi kitu. Wengi huishia hapo, wanafunga dirisha, na kuanzia siku hiyo kila wanachojaribu kusakinisha kinakataa kwa sababu kazi ya kwanza iliachwa njiani. Kilichotakiwa ni kubonyeza Tab ili neno lile liwake, ndipo Enter ikubali. Na aliyekwisha kufunga dirisha anaokolewa na mstari mwingine, `sudo dpkg --configure -a`. Mambo mawili madogo, ambayo jirani mwenye uzoefu angeyaonyesha kwa kidole huku akiendelea kula senene wake.

Habari ya herufi haiishii hapo. Chukua mwalimu anayeandaa mtihani kwa LibreOffice, programu ya maandishi inayokuja na Linux karibu zote. Mtihani umekaa vizuri, kurasa nne. Anauchukua kwenye flashi, anavuka ziwa, anafika kwenye steshenari yenye Word, na zile kurasa nne zimekuwa tano. Swali la ramani limekatika, picha juu, maelezo chini. Linux ilikuwa imetumia herufi mbadala. Zipo mbadala zilizochongwa makusudi zilingane kwa upana na zile za Microsoft: Liberation Serif badala ya Times New Roman, Carlito badala ya Calibri. Zikiwamo, mistari hukatika karibu pale pale. Zisipokuwamo, kila ukurasa unasogea. Walimu walioungua mara moja hawaachi tena kugeuza kazi kuwa PDF kabla ya kupanda boti.

Printa ni hadithi ndefu zaidi, na kwa kweli ndiyo hadithi ya asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, ilipewa printa mpya ya leza ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama kila mara, na Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili printa iwape watu taarifa inapokwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa ya zamani. Akanyimwa msimbo wa programu hiyo. Hasira ile ni mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kwenye harakati zilizozaa GNU. Zaidi ya miaka 40 baadaye, printa bado ndiyo inayowarudisha watu Windows. Mashine ndogo za leza za Canon za kundi la LBP ni mfano mzuri: nyingi kati yake hazijui kuchora ukurasa zenyewe, zinaitegemea kompyuta ichore kwa lugha ya kampuni iitwayo CAPT, na draiva yake ya Linux, ingawa Canon inaitoa, inataka mtu mwenye subira ya mvuvi wa ndoano. HP ina programu yake, HPLIP, na nyingi za mashine zake hukubali bila maneno. Printa mpya zinazopokea kazi kutoka kwenye simu bila draiva hukubaliana na Linux vilevile, kwa sababu njia ni ile ile. Kwa hiyo swali la "Linux inasumbua na printa?" halina jibu moja, inategemea ulinunua ipi, na wengi hawakuinunua wakiwa wanafikiria Linux.

Hapa lawama iende inakostahili. Mtengenezaji wa kifaa hutengeneza draiva ya Windows kwa sababu ndiko waliko wanunuzi. Draiva ya Linux, mara nyingi, huandikwa na mtu wa kujitolea aliyekaa na kifaa hicho usiku akijaribu kubahatisha kinavyoongea. Mfano wake bora ni zile modemu za USB zilizokuwa zikiuzwa na mitandao ya simu kila mji, kabla hotispoti ya simu haijazimaliza. Modemu ilipochomekwa ilijitambulisha kwanza kama CD, ndani yake ikiwa na programu ya Windows. Programu hiyo ikishasakinishwa ndiyo iliyoiamuru iache kuwa CD iwe modemu. Kwenye Linux hakukuwa na wa kutoa amri hiyo. Ilikaa pale, CD tu, taa yake inamweka, intaneti hakuna. Mjerumani Josua Dietze akaandika programu ndogo, usb_modeswitch, inayotuma amri ile iliyokosekana, na baadaye ikaingizwa kwenye Linux nyingi. Maelfu ya watu wa Afrika waliingia mtandaoni kwa kazi ya mtu ambaye hawakuwahi kusikia jina lake.

Wi-Fi ilikuwa na kisa chake, hasa kwenye kompyuta zenye vifaa vya Broadcom. Draiva ilitakiwa kupakuliwa kutoka intaneti, na intaneti ilitakiwa kupitia kifaa kisicho na draiva. Debian kwa miaka mingi walikataa hata kuweka programu za ndani za vifaa (firmware) kwenye diski yao rasmi pale zisipokuwa programu huru, na mgeni akalipa gharama ya msimamo huo. Mwaka 2022 walipiga kura wakabadili, na Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya kwanza kutoka nazo. Kwa anayekwama leo, njia ya mkato iko mfukoni: unganisha simu kwa waya wa kuchajia, washa mgawanyo wa intaneti kwa USB, na Linux inaipokea papo hapo kama waya wa mtandao wa kawaida.

Ila hapo ndipo bando linapoanza kulia. Diski ya kusakinishia Ubuntu ilikuwa inatosha kwenye CD moja, MB 700. Toleo la 24.04 limezidi GB 5. Ubuntu pia ina vifurushi viitwavyo snap, ambavyo kwa kawaida hukagua masasisho mara nne kwa siku na kuyapakua bila kuuliza. Ofisi yenye intaneti ya waya haitagundua. Mwenye bando la siku, anayetarajia kutuma ripoti moja tu kwa mwajiri, anagundua saa tano asubuhi kwamba MB zake zimeshaliwa na kivinjari kilichokuwa kinajisasisha. Amri ya `snap refresh --hold` inaisimamisha. Linux Mint walikuwa wakali zaidi: tangu toleo la 20 la mwaka 2020 wameifungia snap mlango mpaka mwenye kompyuta aufungue mwenyewe.

Umeme nao una lake. Bukoba kwa miaka mingi ilikuwa ikipata umeme wake kutoka Uganda, na kukatika kwake wenyeji wamekuzoea. Visiwani, palipo na sola, jioni ya mvua ni jioni ya betri tupu. Kompyuta ya mezani inayozimika katikati ya kuandika diski huenda ikaamkia kioo cheusi chenye neno `(initramfs)` na kishale kinachomweka. Windows katika hali hiyo hujikagua kimyakimya au huonyesha ujumbe wa pole. Linux inakuachia kishale. Kinachotakiwa ni amri ya `fsck` pamoja na jina la sehemu ya diski iliyoharibika, jina ambalo kwa kawaida limeandikwa mistari michache juu ya hapo, kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo.

Kiingereza hicho Watanzania walishawahi kukishughulikia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kiliendesha mradi uliojulikana kama Kilinux, wa kuzitafsiri programu huru kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka ule ule wakatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kuandikia, hesabu na mawasilisho kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na ilifanyika mapema. Tatizo la tafsiri ya programu ni kwamba haikai kama kitabu kabatini: kila toleo jipya huongeza maneno, huhamisha menyu, hubadili maonyo, na bila watu wa kufuatilia, kioo kinarudia Kiingereza kipande kwa kipande. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, LibreOffice ikazaliwa, na watumiaji wa Linux wakahamia huko. Mwalimu anayefungua kompyuta leo Bumbire hakutani na Kilinux. Anakutana na menyu za Kiingereza, sawasawa na jirani yake mwenye Windows, tofauti ikiwa kwamba jirani ameshazikariri.

Enzi zile hata kupata diski kulikuwa rahisi kwa namna yake. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu, alikuwa akituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote duniani aliyeziomba, na utaratibu huo ulidumu mpaka 2011. Ulikuwa ukipata bahasha yenye CD kadhaa, moja yako na nyingine za kugawa.

Kinacholirudisha suala la Linux mezani sasa hivi ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Bukoba na Mwanza ni za kabla ya hapo. Zinafanya kazi, kioo kizima, kibodi nzima, ila njia rasmi ya kusonga mbele imefungwa. Linux Mint yenye muonekano mwepesi wa Xfce inaridhika na GB 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ndizo zinazoleta raha. Hata hivyo, ule usemi kwamba Linux hukubali kompyuta yoyote chakavu umepitwa: Ubuntu waliacha kutoa diski za mashine za biti 32 mwaka 2017, Mint mwaka 2020, na Debian 13 ya Agosti 2025 nayo haisakinishiki tena kwenye mashine hizo.

Na mengi anayohitaji mtu wa kawaida yamehamia kwenye kivinjari. Maombi ya mkopo wa HESLB, matokeo ya NECTA, barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, vyote vinafunguka kwa Firefox ya Linux kama kwa Firefox nyingine yoyote. Wanaobaki kukwama ni wahasibu wenye programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows, wachoraji wa AutoCAD, na ofisi zenye majedwali ya Excel yaliyojaa amri za ndani ambazo LibreOffice inazisoma nusunusu. Hao kuambiwa wahame ni kuonewa.

Anayetaka kujaribu hana haja ya kufuta kitu. Linux nyingi huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski ya ndani, na nusu saa hiyo ya majaribio inatosha kujibu maswali yenye maana: Wi-Fi imeshika? Sauti inatoka? Printa ya ofisini inachapa? Ukifunga kifuniko na kukifungua, kompyuta inaamka, au inabaki na kioo cheusi mpaka uizime kwa kubana kitufe? Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloudhi kila siku.

Kuhusu bando, sheria za programu huru zina faida ambayo Windows haina. Faili la Mint, kama GB 3, linaweza kupakuliwa na mtu mmoja Bukoba, likanakiliwa kwenye flashi za watu kumi, likapanda boti mpaka visiwa vya Bumbire na Ikuza, na hakuna aliyevunja haki ya mtu. Flashi za bei nafuu huharibu mafaili makubwa, kwa hiyo kabla ya kusakinisha, nakala ikaguliwe kwa amri ya `sha256sum` kwenye kompyuta yenye Linux. Itatoa mfululizo wa alama 64, nao ulinganishwe na ule uliochapishwa na wenye Mint, ambao aliyepakua aunakili kwenye karatasi au simu kabla ya kuondoka mjini. Zikitofautiana hata alama moja, faili liletwe upya na boti inayofuata.